Memu za urembo

Memu ni picha, video fupi au stika ya kuchekesha inayosambaa mitandaoni. Neno lilibuniwa na mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976, kabla intaneti haijafika majumbani. Nchini Tanzania memu hupita sana kwenye magrupu ya WhatsApp, na mada isiyochuja ni sura: dada wa kwenye filta ana ngozi kama yai lililomenywa, wa stendini jua la saa nane limeshamuumbua. Wanaume nao hawaponi. Picha wamepigia kwenye gari la jirani.

Umakondeni, kusini mwa Tanzania, mzaha wa sura una wazee wake. Mwaka 1906 mwanaethnolojia Karl Weule wa Leipzig alizunguka Masasi na Newala na kamera, akapiga picha za wanawake wenye chale usoni na ndonya, kipande cha mti kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu. Kwa wenyewe huo ulikuwa urembo na kitambulisho. Kwa Wazungu, kioja. Picha ikihama kundi, maana huhama nayo, na hapo ndipo memu nyingi huumiza. Hata kujificha si kugeni: ngoma ya midimu ya Wamakonde ilikwishamficha mchezaji nyuma ya kinyago zamani, kama akaunti isiyo na jina. Vinyago vya namna hiyo vimo leo katika makumbusho ya Ulaya.