Ziwa, Tambarare na Milima: Habari za Riziki ya Fizi na Baraka

Watu wengi wakisikia jina la Fizi huwaza vita tu. Si ajabu, maana tangu mwaka 1964 nchi hii imeonja amani kidogo. Lakini leo twataka kuuliza neno jingine: vijiji hivi vimeishije? Mara nyingi serikali ilikuwa mbali, barabara imekatika, maduka yamefungwa, na hata hivyo watu wa Baraka, Mboko, Lweba na Ubwari waliendelea kusonga ugali jioni. Nani aliyewalisha? Jibu twalipata katika habari za kale, wala si habari za wafalme, maana Wabembe hawakuwa na mfalme mmoja. Ni habari za watu kubadilishana mali.

Msomaji asiyeijua nchi hii na aichore hivi. Upande wa mashariki liko Ziwa Tanganyika, na rasi ndefu ya Ubwari imeingia majini. Kandokando ya maji pana tambarare nyembamba, ambapo hustawi muhogo, michikichi, mpunga na karanga. Nyuma yake milima hupanda mpaka nyanda za juu za Itombwe na Minembwe, mahali pa baridi, pa maharagwe na malisho ya ng'ombe. Basi, mwenye samaki hana maharagwe. Mwenye ng'ombe hana mafuta ya mawese. Mwenye muhogo hana kitoweo. Kila mmoja ana haja ya mwenziwe, na haja hiyo ndiyo iliyozaa soko.

Burton na Speke walipopita Ubwari mwaka 1858, wakisafiri kwa mitumbwi kwenda Uvira, hawakukuta ziwa lililolala. Chumvi ya Uvinza ilivuka maji kutoka ng'ambo ya Ujiji. Samaki wakavu na mafuta ya mawese yalizunguka pwani zote. Shanga zilikuwa fedha. Hata mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilichongwa kwa magogo ya misitu ya Ugoma, upande wetu huu wa magharibi. Hivyo mchonga mtumbwi wa Ugoma na mchemsha chumvi wa Uvinza walilishana, ingawa labda hawakuonana maisha yao yote.

Kisha ikaja biashara ya pembe na ya watu. Rumaliza alikaa Ujiji, na watu wake wenye bunduki walivuka ziwa kuteka. Mtu anayeogopa kutekwa halimi shamba la mbali, wala hapeleki samaki kwenye soko la kijiji kingine. Mali nyingi ilipita mwambao huu miaka ile, na wenyeji wakazidi kuwa maskini.

Katika siku hizo hizo Mapadre Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, walianza kituo Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakaanza Kibanga, karibu na Ubwari, wakapaita Lavigerieville. Waliwakomboa watoto watumwa na kuwafundisha kulima. Ilibidi kituo kijilishe, maana mizigo ya kutoka pwani ya Zanzibar ilikaa miezi mingi njiani. Mashamba yalipatikana, lakini afya haikupatikana: mwaka 1893 Kibanga ikaachwa na watu wakahamia kusini, Baudouinville. Kijiji kilichozungukwa na hatari kisichoweza kwenda soko la jirani huchoka upesi, hata kikiwa na jembe zuri na walimu hodari.

Wabelgiji nao walikuja na fikira yao. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu kuwalazimisha watu wa Kongo kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa siku 120. Pamba ililimwa katika tambarare ya Ruzizi na kandokando ya ziwa. Tangu mwaka 1921 nchi za pamba ziligawanywa, na kila kampuni ikapewa eneo lake, hata mkulima hakuwa na mnunuzi wa pili. Watu waliokaa milimani waliteremshwa wakae kando ya barabara, wapate kuhesabiwa, kutozwa kodi na kusimamiwa.

Twakubali kwamba barabara ile ya kutoka Uvira kupita Baraka mpaka Fizi ilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo ndiyo uti wa mgongo wa nchi. Lakini tuangalie hesabu ya nyumbani. Pamba hailiwi. Hudai palizi wakati ule ule ambao karanga na maharagwe hudai palizi. Mkulima aliipeleka kwa mnunuzi mmoja, akapewa bei iliyopangwa mbali, akalipa kodi, akabaki na kidogo cha kununulia nguo. Je, aliponunua nguo ile alinunua pamba yake mwenyewe? Wazee walipenda kucheka juu ya jambo hili, ila kicheko chao kilikuwa na uchungu. Kosa halikuwa pamba yenyewe. Kosa lilikuwa kumfunga mtu kwa zao moja na mnunuzi mmoja, katika nchi ambayo uhai wake wote ulitokana na vitu vingi na masoko mengi.

Mwaka 1964 uasi ukawaka. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara akavuka kutoka Kigoma na Wakuba wake, na mwezi wa Novemba akarudi. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo askari mamluki walishuka Baraka kwa njia ya ziwa. Watu walikimbilia milimani. Laurent-Désiré Kabila alibaki huko na chama chake cha PRP, kilichoanzishwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi nchi ikawa vipande viwili: huku serikali ya Mobutu, huku watu wa msituni. Dhahabu na pembe zilivuka kwa siri kwenda Kigoma, lakini kikapu cha maharagwe hakikuweza kushuka kwa amani kutoka mlimani mpaka pwani.

Hapo muhogo ulionyesha thamani yake. Mpunga ukiiva lazima uvunwe na kuwekwa ghalani, na ghala huchomwa. Muhogo hungoja ardhini mwaka mzima na zaidi. Mwenye nyumba akirudi usiku huchimba chakula cha siku mbili, akaondoka tena. Wataalamu husema ni chakula duni. Sisi twaona umewaokoa watu wengi kuliko mikataba ya amani.

Vita vya mwaka 1996 vilivusha watu kwa maelfu mpaka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mwezi wa Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha Baraka kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Miaka 9 yatosha kugeuza shamba kuwa kichaka, na kumkuza mtoto asiyejua mpaka wa ardhi ya babu yake. Waliorudi walihitaji mbegu, nyavu na mtaji mdogo. Wengi waliupata mtaji huo katika likelemba: watu kadhaa hutoa fedha sawasawa kila juma, na fungu zima hupewa mmoja kwa zamu. Hakuna karatasi. Dhamana ni uso wa mtu mbele ya majirani zake, na asiyelipa hujulikana kabla ya jua kutua.

Fedha ya pwani hufuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa. Ndagala, ambao ng'ambo huitwa dagaa, huujia mwanga na kunaswa. Mwezi mpevu ukiangaza taa hazifai kitu, wavuvi hukaa nchi kavu wakitengeneza nyavu, na sokoni deni huongezeka. Wanawake huwaanika ndagala mchangani na kuwapeleka ndani ya nchi mpaka Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Wengi huilaumu dhahabu kwa kuwa vijana huacha wavu na jembe, nasi twaona lawama hiyo ni haki. Lakini wachimbaji wasiolima lazima wale, na mama mwenye gunia la ndagala au la unga wa muhogo huko ana mnunuzi wa hakika. Anayemla faida ni mwenye silaha kizuizini, anayedai kitu kwa kila mzigo unaopita. Akimaliza mmoja kudai, mbele kuna mwingine.

Mlimani ni vibaya zaidi. Zamani Wanyamulenge walishuka na ng'ombe na siagi, Wabembe wakapanda na mafuta ya mawese na muhogo. Tangu mapigano yalipozidi katika nyanda za juu mwaka 2017 na kuendelea, vijiji vya pande zote vimechomwa na ng'ombe kwa maelfu wameibwa. Masoko ya katikati, walipokutana watu wa lugha mbili, yamefifia. Mwenye michikichi wa pwani naye amepoteza mteja.

Ziwa lenyewe limechoka. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda na kufunika nyumba na mashamba ya kandokando. Nchi 4 zinazolizunguka zimekubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi 3 ili samaki wazae. Tanzania ilifunga kwa upande wake tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Mvuvi mwenye shamba la muhogo nyuma ya nyumba aweza kungoja miezi hiyo, hata kama kwa kunung'unika. Mvuvi aliyekimbia kwao mlimani, asiye na ardhi pwani, huingia ziwani usiku bila kuwasha taa.