Ukurasa mmoja uliotikisa wataalamu wa samaki

Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly alichapisha makala ya ukurasa mmoja tu. Alisema kila kizazi cha wataalamu huona samaki waliowakuta walipoanza kazi ndio kiwango cha kawaida. Hivyo bahari hupungukiwa polepole bila mtu kushtuka.

Alitoa mfano wa babu wa mwenzake. Miaka ya 1920, kaskazini mwa Ulaya, babu huyo alikerwa na jodari walionasa kwenye nyavu zake za vibua, maana hawakuwa na soko!

Watafiti wameitaja makala hiyo maelfu ya mara.

Nawe waulize wazee: walivua nini, wapi, wakubwa kiasi gani? Andika kwenye daftari pamoja na mavuno yako ya leo. Mwanao atajua kilichopungua.