Mbuzi Wawili wa Mzee

Huko Karen, mtoto hupanda farasi akaruka vizuizi, mzazi akiwa pembeni ameshika ndoo ya maji. Kwetu Makueni, mnyama huuzwa ndio mtoto aruke. Mwaka wa 2015 mzee alipeleka mbuzi wawili soko la Emali, nikapata raba na nauli ya kwenda Kitui kwa mashindano ya shule. Kuruka juu. Nikawa wa nne.

Nilimuuliza kama mbuzi walimuuma. Akanijibu na habari za 1938. Wakati huo Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, na serikali ya kikoloni ikawa inachukua ng'ombe wa Wakamba na kuwauza kwa lazima, eti malisho yanaharibu ardhi. Kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinawangoja. Muindi Mbingu akaongoza umati hadi Nairobi kumtaka gavana, wakapiga kambi wiki kadhaa. Yeye akahamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasimamishwa.

“Wale walilazimishwa,” mzee akasema. “Mimi niliuza mwenyewe.”

Baadaye niliacha chuo. Karo pia ilikuwa mbuzi. Hajawahi kunihesabia.