Kina Juma ni Wengi: Historia Fupi ya Namba Isiyojirudia

Darasani kwetu huko Kisarawe tulikuwa kina Juma Ramadhani watatu. Mwalimu wa hesabu hakutaka usumbufu. Mmoja alimwita Juma Mrefu, mwingine Juma wa Maneromango, na mimi nikabaki Juma wa Pili, kwa kuwa kwenye daftari la mahudhurio jina langu lilikuwa la pili. Mpaka leo nikikutana stendi na niliosoma nao wananiita "Wapili". Tulizoea, wala hatukuona kama ni tatizo.

Tatizo nililiona siku nilipopoteza hadithi. Kikundi chetu cha waandishi, wengine wa Kisarawe na wengine wa Kibaha, kilikuwa kinakusanya kazi zake kwenye kompyuta ya binamu yangu anayekaa Maili Moja. Niliandika hadithi ya kurasa 14, nikaiita "Safari". Dada mmoja wa Kibaha naye aliandika yake, akaiita "Safari". Faili la pili lilipoingia, kompyuta iliuliza swali, binamu akabonyeza ndiyo bila kusoma, na yangu ikafutika. Daftari nililoandikia mwanzo, wadogo zangu walishalimaliza kwa hesabu za shule. Basi, ndiyo ikawa imekwenda.

Binamu akasema tuzipe hadithi namba. Tukaanza moja, mbili, tatu. Haikupita wiki, mimi huku Kisarawe nimeipa hadithi namba 17, na yeye kule Kibaha kaipa nyingine namba 17. Ili tusigongane ilibidi kila mara tuulizane kwanza, na kutoka kwangu hadi kwake ni daladala mpaka Gongo la Mboto, nyingine mpaka Mbezi, na nyingine mpaka Maili Moja. Simu nayo inataka vocha. Hapo nikajiuliza: wazee wetu walitofautishanaje?

Walitumia majina, bwana. Na majina yetu ya Pwani, ukiyatazama vizuri, ni saa na kalenda. Aliyezaliwa Ijumaa ni Juma au Mwajuma. Aliyezaliwa mwezi wa Ramadhani ni Ramadhani, wa Shabani ni Shabani, wa Rajabu ni Rajabu. Kisha unafuata jina la baba, kuonyesha mtu katokea wapi. Kwa hiyo jina langu lina mambo mawili: wakati na chanzo. Lakini wiki ina siku 7 tu, na mwaka una miezi 12. Kijijini penye nyumba 40 inatosha, na ikizidi utaongeza Mrefu au Mfupi. Nje ya kijiji haitoshi. Kina Juma ni wengi.

Serikali ya Wajerumani iliwakuta babu zetu katika hali hiyo. Mwaka 1898 ikaanza kutoza kodi ya nyumba, na mwaka 1905 ikaanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, ikipita Pugu, Soga na Ruvu, hadi ikafika Morogoro mwaka 1907. Wakati huo ndipo lilipozoeleka neno "kipande". Kibarua alipewa kadi, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Alama zikitimia 30 ndipo akapata mshahara. Waingereza walipochukua nchi, mashamba ya mkonge yaliendelea na mtindo huohuo, kibarua akitakiwa kumaliza siku zake 30 ndani ya siku 42.

Kwa jirani zetu Kenya mambo yalikuwa makali zaidi. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume alilazimika kubeba kipande chenye jina, alama za vidole na habari za mwajiri wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi baada ya kuwaongoza watu kupinga kodi na kipande hicho, na waandamanaji wakapigwa risasi. Tangu hapo, namba kwa Mwafrika haikuwa jambo dogo. Ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si wewe uliyeibeba.

Tuje kwetu, siku zetu. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa mwaka 2008. Namba yake ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Wengi wetu tuliitambua vizuri kuanzia Mei 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza. Foleni zilikuwa ndefu, maana tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa.

Sasa nikwambie habari ya bibi yangu. Bibi hakuzaliwa hospitali. Anajua tu kwamba Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, alikuwa anatembea na kusema. Alipokuwa msichana, karani mmoja aliyekuwa akimjazia kadi alimuuliza kazaliwa lini. Bibi akanyamaza. Karani akaandika 1 Januari 1967, akaendelea na mwingine. Kadi ile ikazaa karatasi nyingine, nayo ikazaa nyingine, mpaka tarehe ile ikaingia kwenye tarakimu 8 za mwanzo. Mdogo wake bibi, aliyezaliwa mwaka wa Muungano, 1964, ana karatasi sahihi. Kwa hiyo kwa maandishi bibi ni mdogo wa mdogo wake. Tulikuwa tunacheka sana nyumbani.

Tukaacha kucheka alipougua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wanastahili kutibiwa bure. Pale dirishani bibi aliambiwa bado. Miaka yake haijatimia. Mama akauza kuku wote wa uzazi, tukalipa. Bibi akauliza swali moja tu: "Kwani wao walikuwepo?"

Nilimsimulia binamu. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua kompyuta na kuandika kwa lugha ya Python mistari miwili tu:

import uuid
print(uuid.uuid4())

Ikatoka kamba ndefu ya tarakimu 32, za 0 hadi 9 zikichanganyika na herufi a hadi f, na vistari vinne katikati. Akabonyeza tena, ikatoka nyingine kabisa. "Hii wanaiita UUID," akasema. "Wewe toa ya kwako Kisarawe, mimi nitoe ya kwangu hapa. Hatuulizani, na hazigongani."

Nilibisha. Nikamwambia darasa la wanafunzi 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu. Akakubali, ila siku za mwaka ni 365. Namba hizi zina biti 128, na katika aina hii ya nne biti 122 zinachaguliwa kwa bahati nasibu. Idadi yake ni zaidi ya 5 yenye sifuri 36 mbele yake. Ukitoa bilioni moja kila sekunde, itakupasa uendelee miaka 86 hivi ndipo uwezekano wa mbili kufanana ufike nusu kwa nusu. Hapo nikanyamaza mimi.

Lakini historia yake ndiyo iliyonishangaza. Wazo hili lilianza miaka ya 1980 katika kampuni ya Apollo Computer ya Marekani, iliyokuwa ikiunganisha kompyuta nyingi bila kuwa na bosi mmoja wa kugawa namba. Mwaka 2005 kanuni zake ziliandikwa rasmi katika waraka uitwao RFC 4122. Aina ya kwanza ilitumia nini? Wakati na chanzo! Wakati unahesabiwa kwa vipande vya sekunde, kila sekunde ikigawanywa mara milioni 10, kuanzia tarehe 15 Oktoba 1582 kalenda ya Gregory ilipoanza kutumika, miaka 11 kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Chanzo ni namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta yenyewe. Ni Juma Ramadhani yuleyule, ila saa yake ni kali zaidi.

Na aibu yake ni ileile. Namba inayotaja chanzo inakuchongea. Anayeiona anaweza kujua imetoka kwenye mashine gani na saa ngapi. Na saa ya kompyuta ikikosewa, namba nayo inabeba kosa, kama kadi ya bibi. Ndiyo maana aina ya nne ikapendwa. Haisemi baba ni nani, haisemi umezaliwa lini. Haiwezi kudanganya kwa kuwa haijasema kitu.

Msidhani hadithi imeisha hapo. Namba za nasibu tupu hazipangiki. Kwenye kanzidata kubwa zinatawanyika, na kompyuta inachelewa. Mei 2024 ukatolewa waraka mpya, RFC 9562, na ndani yake mna aina ya saba, inayorudisha wakati mbele: milisekunde tangu 1 Januari 1970, kisha ndipo nasibu ifuate. Nikakumbuka kuwa mwaka huohuo wa 1970 ndipo nchi za Nordiki zilipoikabidhi Tanzania mradi uliozaa Shirika la Elimu Kibaha. Nikakumbuka pia 1 Januari ya bibi. Kumbe hata kompyuta, isipojua pa kuanzia, huanza na 1 Januari. Tofauti ni kwamba kompyuta zimekubaliana kuwa hiyo ni alama tu, hakuna anayedai ndipo zilipozaliwa.

Hilo ndilo nililojifunza, vijana wenzangu. Namba ya kutofautisha vitu ni jambo moja, na habari za mtu ni jambo jingine. Ukizifunga pamoja, siku habari ikiwa ya uongo, mtu anahukumiwa na namba yake mwenyewe. Namba ingeweza kuwa bubu, na tarehe ikakaa pembeni, mahali inapoweza kusahihishwa.

Siku hizi kila hadithi ya kikundi chetu ina UUID yake. "Safari" zipo mbili na hazigombani. Ile ya kwangu nimeiandika upya, imefika kurasa 11, na naona kuna maneno hayakurudi. Juu yake nimeweka jina langu kamili, na pembeni nimeandika Wapili, maana kina Juma tuko wengi. Bibi naye tumeshaanza kumtafutia mashahidi wa kuapa kuhusu umri wake. Wa kwanza kujitolea ni mdogo wake.