Zawadi, Mkoa na Umma: Kupangwa kwa Hospitali Kuu Mpya ya Nyanza, Kisumu, 1964–1970

Historia ya hospitali za mikoa katika Kenya huru huelezwa mara nyingi kwa kuhesabu majengo, vitanda na madaktari. Insha hii inauliza swali jingine: ni nani aliyekuwa na nafasi ya kusema neno kabla jengo halijasimama? Mfano unaochunguzwa ni Hospitali Kuu Mpya ya Nyanza mjini Kisumu, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Hoja kuu ni kwamba wakazi wa Nyanza walijengewa hospitali katika kipindi kilekile ambacho vyombo vya kuwasemea vilikuwa vikidhoofishwa kimoja baada ya kingine. Matokeo yake ni kwamba sherehe ya ufunguzi ikageuka kuwa baraza, na baraza hilo likaishia katika mauti.

Chanzo cha hospitali kilikuwa diplomasia. Mwaka 1964 Oginga Odinga na Joseph Murumbi walizuru Moscow na Beijing kutafuta misaada kwa taifa changa. Muungano wa Kisovieti ulikubali kujenga hospitali mjini Kisumu kama zawadi, pamoja na miradi mingine. Uamuzi wa msingi, yaani kujenga hospitali ya aina gani na mahali gani, ulikuwa zao la mapatano baina ya serikali mbili. Mwananchi aliyengoja matibabu hakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Katika mazingira mengine, pengo hilo lingeweza kuzibwa na mamlaka za karibu. Katiba ya 1963 ilikuwa imeunda majimbo saba yenye mabaraza ya kuchaguliwa. Lakini Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, mfumo huo ulivunjwa. Mkoa ukabaki kuwa eneo la utawala chini ya Mkuu wa Mkoa, aliyewajibika kwa Rais wala si kwa wapiga kura wa Nyanza. Hivyo basi, hospitali iliitwa ya mkoa, ilhali mkoa wenyewe haukuwa tena na chombo cha kuchaguliwa ambacho kingeweza kuujadili mpango wake.

Uwanja wa siasa za vyama nao ulizidi kubana. Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha Kenya People's Union (KPU), kilichokuwa na wafuasi wengi Nyanza. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1968, karatasi za uteuzi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa ipasavyo, na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Katika eneo ambalo upinzani ulikuwa na mizizi, matokeo hayo yalimaanisha kwamba sehemu kubwa ya wananchi haikuwa na diwani iliyemchagua.

Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kuifungua hospitali. Zaidi ya miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 5 Julai, Tom Mboya alikuwa ameuawa jijini Nairobi, na majonzi yalikuwa bado mabichi. Umati ulipaza sauti za upinzani; Rais na Odinga wakarushiana maneno makali hadharani; hatimaye walinzi na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitangaza vifo 11, lakini simulizi za mashahidi na tafiti za baadaye zinataja idadi kubwa zaidi. Siku chache baadaye Odinga na viongozi wenzake waliwekwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba KPU ikapigwa marufuku.

Inaweza kudaiwa kwamba tukio hilo halihusiani na upangaji wa hospitali, kwa kuwa sababu zake zilikuwa kifo cha Mboya na uhasama wa vyama. Dai hilo lina uzito: umati haukuja kuikataa hospitali. Hata hivyo, mgogoro wenyewe ulihusu pia nani aihesabu hospitali kuwa tunda la juhudi zake: serikali iliyoifungua au kiongozi aliyeiombea msaada. Swali la umiliki halikuwa limepata mahali pa kujadiliwa kwa utulivu, likajitokeza mbele ya jukwaa. Jina ambalo wenyeji waliipa hospitali ni ushahidi wa aina yake. Waliiita “Russia”, na jina hilo limeishi vinywani mwao kwa miongo mingi, hata pale majina rasmi yalipobadilika. Umma ambao haukushirikishwa katika kupanga ulijitwalia haki ya kutaja.

Maafa ya 1969 hayakuleta mabadiliko ya mfumo. Badala yake mamlaka yalizidi kuelekea kitovuni. Kuanzia Januari 1970 serikali kuu ilichukua huduma za afya zilizokuwa mikononi mwa mabaraza ya kaunti. Mwaka 1978 Azimio la Alma-Ata, lililopitishwa katika ardhi ya Kisovieti, lilitambua kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya. Nchini Kenya, ushirikishwaji wa wananchi uliwekwa kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa na Katiba ya 2010, ambayo pia ilirejesha sehemu kubwa ya huduma za afya kwenye serikali za kaunti.

Mfano wa Kisumu unaonyesha kwamba kuhudhuria si kushiriki. Maelfu walikuwapo siku ya ufunguzi, lakini hakuna hatua yoyote ya awali iliyowataka watoe rai yenye nguvu ya kubadilisha uamuzi. Kwa mtafiti wa sera za afya, kipimo kinachofaa si wingi wa watu waliokusanyika, bali ni kama palikuwa na chombo halali ambacho kupitia kwacho wangeweza kuuliza, kupinga na kujibiwa kabla msingi haujachimbwa. Kipimo hicho kinafaa pia kutumiwa katika kuchunguza mikutano ya ushirikishwaji inayoitishwa na kaunti leo.