Boma dogo la Bushi na mapato yake

Siku hizi mtu akisema «mapato», wengi wetu tunafikiri mara moja mshahara wa ofisi, duka la mjini, ao shimo la zaabu kule Kamituga. Shamba linalozunguka nyumba tunalihesabu kuwa kitu cha chakula tu, kazi ya wamama na ya wazee. Lakini tukifuata historia ya Bushi, yaani inchi ya Kabare, ya Walungu na pande zilizo karibu, katika Kivu ya Kusini, tunakuta jambo lingine. Kwa miaka mingi boma dogo ndilo lililolipa kodi, mahari, masomo ya watoto na dawa za wagonjwa. Lililipa namna gani, na sababu gani leo linashindwa? Ndiyo maulizo tunayotaka kujibu katika kurasa hizi.

Tuseme wazi tangu mwanzo kile tunachofikiri. Boma la wazee halikuwa na siri ya uchawi. Lilikuwa na sheria moja: sehemu ya mavuno iende soko, sehemu ibaki ndani ya nyumba, na sehemu irudi udongoni. Pale sheria hii ilipovunjwa, boma lilianguka, hata kama franga ziliingia kwa wingi mwaka mmoja ao miwili.

1. Namna boma lilivyopangwa

Nyumba ilikuwa katikati, ngombe karibu na nyumba, na migomba ikizunguka yote. Migomba haikuwekwa pale juu ya uzuri. Majivu ya jikoni, maganda ya chakula na mbolea ya ngombe ni vitu vizito. Mama hawezi kuvipandisha kila siku mpaka kwenye kilima cha mbali. Kwa hiyo udongo wa karibu na mlango ndio ulionona zaidi, na mgomba, ambao unakula sana, ulipewa nafasi hiyo. Chini ya migomba walipanda maharagi na mateke. Mbali zaidi zilikuja mtama, viazi vitamu, na baadaye mihogo.

Ngombe, nao, hawakufugwa kwa maziwa peke yake. Ngombe alikuwa mahari, alikuwa akiba, na kila asubuhi alikuwa kiwanda kidogo cha mbolea. Mgomba ukikatwa, shina lilipasuliwa vipande: vingine kwa ngombe, vingine vilitandikwa chini ili mvua isibebe udongo. Kwa inchi ya vilima kama yetu, kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa.

Halafu kulikuwa kasiksi. Kila mtu wa Kivu anajua pombe hii ya ndizi, lakini tumeacha kuiona kama njia ya uchumi. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani makavu ndani ya muvure, maji yake yanachujwa, na unga wa mtama uliokaangwa unatiwa ili kuchachusha. Kiisha siku mbili ao tatu, pombe iko tayari. Mkungu unaouzwa mbichi unaondoka wote, pamoja na maganda na kila kitu. Mkungu ulio kuwa kasiksi unaacha maganda na makapi pa nyumba, kwa ngombe ao kwa shamba. Tena kasiksi ilikuwa mkate wa jamaa na wa jirani: kwa mtungi mmoja waliita watu kuja kulima, kwa mwingine walikwenda kuomba bibi, na ule uliobaki uliuzwa. Boma liliuza kazi ya mikono pamoja na tunda, na hapo ndipo faida ilipokaa.

2. Udongo ulipatikana wapi

Hakuna mapato ya boma bila udongo. Katika desturi ya Bushi kulikuwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kalinzi. Mtu alitoa ngombe kwa mwami ao kwa mkubwa aliyemwakilisha, mbele ya mashahidi, na akapata haki ya kudumu juu ya udongo, haki ambayo mtoto wake aliirizi. Ya pili ni bwasa, yaani kupewa shamba kwa muda mfupi, kwa malipo ao kwa kazi.

Tofauti yake ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Mwenye bwasa hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, mgomba ao kahawa, sababu mti wa kudumu ni kama kusema: mimi niko hapa kwa siku zote. Basi yeye alipanda maharagi, akavuna, akangojea kama atapewa tena. Hakuwa na sababu ya kuleta mbolea pa shamba la mwingine. Hivi, tangu zamani, aliye na haki ya kukaa ndiye aliyelisha udongo, na udongo ukamlisha yeye. Kalinzi haikuwa usawa. Ilimfunga mtu kwa mwami na kwa zawadi zisizokwisha. Lakini ilimpa moyo wa kupanda kitu kitakacholiwa na wajukuu.

3. Franga za kodi

Wabelgiji walileta mambo mawili yaliyobadilisha boma: kodi ya franga na kunyanganywa kwa udongo. Kwa ordonansi ya 1 Julai 1885, udongo uliohesabiwa kuwa «mtupu» ulikuwa wa Serikali. Mwaka wa 1928 ilianzishwa Komite ya Taifa ya Kivu, iliyopewa kazi ya kugawa udongo kwa wazungu waliokuja kufanya mashamba makubwa. Malisho ya ngombe na mashamba yaliyopumzishwa, ambayo kwa wazee yalikuwa na mwenyewe, kwa wageni yalionekana matupu. Kahawa, chai na kinkina zikapandwa pale.

Tangu 1917 kulikuwa pia mashamba ya lazima: mwanakijiji aliweza kulazimishwa kazi ya siku 60 kwa mwaka, na mwaka wa 1942, wakati wa vita kuu ya pili, siku hizo zilipandishwa mpaka 120. Basi baba alikwenda kazi za wengine, na boma likabaki mikononi mwa mama. Ni hapo, kwa maoni yetu, kazi ya shamba la nyumba ilianza kuitwa «kazi ya wanawake», kama vile si kazi ya kweli.

Lakini boma halikukufa. Mji wa Bukavu ulikua, wafanyakazi wa mashamba makubwa walihitaji kula, na wamama wakashika njia na mizigo mgongoni: ndizi, maharagi, kasiksi, kuku. Masoko kama Mugogo kule Walungu na Mudaka kule Kabare yanatuonyesha mpaka leo urizi wa safari hizo. Kilichobadilika ni saa ya kuuza. Zamani jamaa iliuza wakati ilikuwa na ziada. Sasa iliuza wakati mwenye kulipisha kodi alifika. Na mwenye kuuza kwa haraka anauza kwa bei ya mnunuzi.

Kahawa ya arabika nayo iliingia polepole ndani ya mashamba madogo, zaidi pande za ziwa: Kalehe, Idjwi, Katana. Ilikuwa mti mzuri wa franga. Lakini haulikwi. Mwaka wa 1989, wakati mapatano ya mataifa juu ya kahawa yalipovunjika na bei ikaanguka, aliyekuwa ameng'oa migomba ili kupanda kahawa tu alilala na njaa. Aliyechanganya kahawa, migomba na maharagi alipoteza franga, lakini sufuria yake haikupoa.

4. Uhuru, sheria, na vita

Baada ya uhuru, udongo haukurudi kwa wepesi. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema kama udongo wote ni wa Serikali, hata ule unaokaliwa na wanakijiji kwa desturi. Juu ya haki za wanakijiji hao, iliahidi ordonansi ya Rais. Kwa miaka mingi iliyofuata, ahadi hiyo ilingojewa bure. Katika Novemba ya mwaka ule ule ilitangazwa zairianization, na mashamba mengi ya wazungu yakapita kwa wakubwa wa inchi. Hivi, aliyekuwa na kalinzi ya babu yake aliweza kuamka na kukuta mtu mwingine iko na karatasi ya mji juu ya shamba lake.

Kiisha vikaja vita: 1996, na tena tangu 1998 mpaka 2003. Ngombe za Bushi zilinyanganywa na kuchinjwa vibaya sana. Watu walilia maziwa na mahari, lakini hasara iliyofichama ilikuwa mbolea. Bila ngombe, migomba ilianza kukonda. Tena, ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioonekana kwanza Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka wa 2001, uliteremka pande zetu: majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva mbele ya saa, na ndani zinaoza.

Tuangalie namna watu walivyojibu, sababu hapo kuna fundisho. Pahali pa ngombe waliweka mbuzi, nguruwe, kuku, na zaidi simbilisi. Wengine wanamcheka mnyama huyu, ati ni mchezo wa watoto. Lakini anakaa jikoni, mwenye bunduki hamwoni, anakula majani, anabeba mimba kwa miezi miwili hivi na kuzaa wawili, watatu, hata wanne. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye mwenye simbilisi, anawauza na kununua madaftari. Na mbolea yake, hata kama ni kidogo, inakwenda pa mboga. Juu ya mnyauko, wakulima walijifunza kuvunja ua la dume kwa kijiti, juu wadudu wanachukua ugonjwa pale. Kupitisha panga katika moto ao kuliosha kwa javel mbele ya kugusa mgomba mwingine. Na kukata shina lililougua bila kung'oa kisiki chote. Anayefuata hayo kila juma anaweza kuokoa shamba.

Tangu mwanzo wa 2025, vita vilipofika Goma katika Januari na Bukavu katika Februari, benki zilifunga milango na mwenye feza ndani hakuweza kuitoa. Mwenye migomba, mboga na kuku alipata shida kama wengine, lakini alikuwa na kitu cha kuweka motoni.

5. Nani anashika franga?

Tusiwasifu wazee kupita kiasi. Boma la zamani lilifanyishwa na mama, lakini udongo ulikuwa wa baba na wa mtoto mwanaume. Mjane alikaa kwa jina la mtoto wake. Akikosa mtoto mwanaume, aliweza kufukuzwa. Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987 ilisema kama watoto wote, wasichana na wavulana, ni warizi. Katika vijiji vyetu wengi wanafanya kama hawakuisikia. Mama anayejua kama kesho atafukuzwa iko sawa na mwenye bwasa: atapanda maharagi, hatapanda mgomba. Ndiyo maana wamama wengi wameweka franga zao katika likirimba, pahali ambapo jina lao linahesabiwa.

Hatari nyingine ni kugawanya. Jamaa nyingi za Kabare na Walungu haziko hata na hectare moja, na bado kila mtoto mwanaume anaomba kipande chake. Kijana anapata mistari michache ya migomba, anaiuza ili anunue moto ao aende machimboni. Sisi hatumlaumu: kipande kile, peke yake, hakimlishi. Kosa ni kufikiri kama urizi ni lazima ukatwe kama nyama. Ndugu wanaweza kuacha boma zima, mmoja akalima na wengine wakapata sehemu ya mavuno, kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya mashahidi, kama vile kalinzi ilivyokuwa na mashahidi wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, mtu akiwauliza kama boma dogo linaweza kuleta mapato leo, mwulizeni kwanza: udongo huo una haki gani, na nani anaijua? Kuna mnyama gani pale, hata simbilisi? Maganda yanakwenda wapi? Anayelima anashika franga, ao anazibeba tu kutoka soko mpaka mkononi mwa mwingine? Boma lenye majibu mazuri halitamfanya mtu kuwa tajiri. Lakini litalipa masomo, litapita mwaka wa bei mbaya, na halitauzwa kwa siku moja ya shida.