Programu ndogo zilizoijenga Macintosh

Majira ya joto ya mwaka 1987, Raymond Lau, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Stuyvesant jijini New York, aliandika programu aliyoiita StuffIt. Kazi yake ilikuwa moja: kuzikandamiza faili za kompyuta ya Macintosh zipungue ukubwa, kisha kuzifunga pamoja ziwe faili moja. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kila simu bila mtu kugutuka. Wakati ule ilikuwa ukombozi. Diski laini ya Macintosh ilibeba kilobaiti 800, na modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilihitaji karibu saa nzima kuvuta shehena ya diski moja kwa waya wa simu, huku gharama ya simu ikipanda. Faili iliyopunguzwa nusu ilipunguza na bili nusu.

Lau hakuwa na kampuni, duka wala fungu la matangazo. Aliiachia programu yake isambae kwa masharti mepesi: itumie, mpe na mwenzako nakala, na ukiona inakufaa tuma malipo. Mwaka 1988 kampuni ya Aladdin Systems ikaanzishwa kuiendeleza, na kwa miaka mingi iliyofuata wenye Macintosh walizoea kuona kila walichokipakua kikiwa na herufi .sit mwishoni mwa jina.

Historia ya Macintosh husimuliwa mara nyingi kwa majina mawili matatu ya wakubwa wa Apple. Ukiifuatilia kwa karibu, utakuta sehemu kubwa ya yale yaliyoifanya mashine hiyo ipendwe yaliandikwa na watu wa nje: wanafunzi, wahadhiri, watu waliokaa usiku baada ya kazi zao za mchana. Waliandika vitu vidogo vya kilobaiti chache, wakavitoa bure au kwa imani kwamba anayevipenda atalipa.

Kulipa kwa uaminifu

Mtindo huo wa kujaribu kwanza na kulipa baadaye haukuanzia kwenye Macintosh. Mwaka 1982, Andrew Fluegelman wa California aliandika PC-Talk, programu ya mawasiliano ya modemu kwa kompyuta za IBM, akawaomba walioipenda wamtumie dola 25. Wengi walituma. Miaka miwili baadaye Fluegelman huyohuyo alikuwa mhariri mwanzilishi wa jarida la Macworld, lililotoka sambamba na Macintosh yenyewe. Kwa hiyo wazo la kulipa kwa uaminifu lilikuwapo karibu na Macintosh tangu siku ya kwanza.

Macintosh ilizinduliwa tarehe 24 Januari 1984 kwa bei ya dola 2,495, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu. Iliendesha programu moja kwa wakati. Ili mtu asilazimike kufunga barua anayoiandika kila anapotaka kupiga hesabu, Apple iliweka programu ndogondogo chini ya alama ya tufaha juu kushoto mwa skrini: kikokotoo, saa ya kengele, daftari la kumbukumbu, na chemshabongo ya vigae. Mlango huo haukufungwa. Mtu yeyote aliyejua kuandika programu aliweza kutengeneza ya kwake, na mtumiaji akaihamishia kwenye menyu hiyo kwa programu ya Apple iitwayo Font/DA Mover. Nafasi zilikuwa 15, na zikajaa upesi. Steve Brecher akaandika Suitcase, programu iliyouondoa ukomo huo.

Bidhaa hizi zilisafiri kwa mkono kabla ya kusafiri kwa waya. Chama cha watumiaji wa Macintosh cha Berkeley, BMUG, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilikusanya programu za aina hii kwenye diski na kuziuza kwa bei ndogo. Chuo Kikuu cha Stanford kilihifadhi hazina ya Info-Mac, na vyuo vya nchi nyingine vikaweka nakala zake ili watu wao wasivute faili kutoka mbali. Vyuo vilikuwa na mtandao kabla ya majumba ya watu, na ndiyo maana programu nyingi nzuri za miaka hiyo zilizaliwa huko. Fetch, ya kuvuta faili kutoka kwenye seva, iliandikwa na Jim Matthews katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1989. Zaidi ya miaka kumi baadaye Matthews alishinda dola 500,000 katika shindano la televisheni la *Who Wants to Be a Millionaire*, na fedha hizo zikamwezesha kuinunua Fetch kutoka chuoni ili aendelee kuitunza mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1989, John Norstad wa Chuo Kikuu cha Northwestern alitoa Disinfectant, programu ya kuvisaka virusi vya Macintosh. Aliitoa bure. Kila kirusi kipya kilipozuka, toleo jipya lilifuata, na kwa karibu muongo mzima shule, ofisi na nyumba zilitegemea kazi ya mtu ambaye hakuwadai hata senti. Aliistaafisha mwaka 1998, vilipoenea virusi vya aina nyingine vilivyojificha ndani ya nyaraka za Microsoft, ambavyo Disinfectant haikuundwa kupambana navyo. Aliwaambia watumiaji wake waziwazi kwamba sasa watafute kinga nyingine.

Faili zenye vyumba viwili

Kwa nini Macintosh, na si mashine nyingine, iliwavutia hivi watu wa kutia mkono? Jibu moja limo ndani ya faili zenyewe. Faili ya Macintosh iligawanyika sehemu mbili. Moja ilibeba data. Ya pili ilibeba viungo vya programu vilivyopangwa kwa aina: picha, sauti, maneno ya menyu, vitufe, madirisha. Mpangilio huo, uliobuniwa na Bruce Horn wa kikosi cha kwanza cha Macintosh, ulimaanisha kwamba maneno ya menyu yangeweza kubadilishwa bila kuugusa msimbo wa programu.

Apple ilikuwa na chombo cha kufungulia sehemu hiyo ya pili, ResEdit, na kikafika mikononi mwa watu wa kawaida. Ukifungua programu ndani ya ResEdit, unaona safu ya visanduku, kila kimoja na jina la herufi nne: ICON kwa alama, MENU kwa menyu, snd na nafasi tupu kwa sauti. Bofya ICON mara mbili, kisha alama unayoitaka, nayo inafunguka ikiwa imekuzwa, miraba 32 kwa 32, na unaweza kuichora upya nukta kwa nukta. Bofya MENU, unabadilisha maneno yaliyomo na kuandika ya lugha yako. Watoto wa shule walijifunza kwa njia hiyo kwamba kompyuta inafunguka, na wengine wao wakawa waandishi wa programu.

Kulikuwa pia na nyongeza za mfumo, programu ndogo zilizoamka pamoja na kompyuta na kukaa kimya zikifanya kazi. Mashine ilipowashwa, kila nyongeza ilichora alama yake chini ya skrini, moja baada ya nyingine kutoka kushoto kwenda kulia. Shida ilianza pale mbili zilipogombea kazi moja: mashine iliganda katikati ya safu. Nyongeza ziliamka kwa mpangilio wa alfabeti, hivyo watumiaji walijifunza kuweka nafasi tupu mwanzoni mwa jina ili nyongeza fulani iwahi, au herufi z ili ichelewe. Hali ilipokuwa mbaya kabisa, walishikilia kitufe cha Shift wakati wa kuwasha, nyongeza zote zikalala.

Ugomvi huo ukazaa programu nyingine. Jeff Robbin aliandika Conflict Catcher, iliyozima na kuwasha nyongeza kwa makundi hadi mkosaji apatikane, na kampuni ya Casady & Greene ikaiuza. Robbin huyo, pamoja na Bill Kincaid, akatengeneza kicheza muziki cha SoundJam MP. Apple iliinunua mwaka 2000, na Januari 2001 ikatoka upya kwa jina la iTunes.

Meli za anga kwenye folda

Upande wa michezo ndiko ushirika wa mwandishi na mtumiaji ulikofika mbali zaidi. John Calhoun alitoa Glider mwaka 1988, mchezo wa ndege ya karatasi inayoelea nyumbani kwa kubebwa na hewa inayopanda kutoka kwenye matundu ya sakafu. Toleo la Glider PRO la mwaka 1994 lilimpa mchezaji uwezo wa kujenga nyumba zake, chumba baada ya chumba, na kuwapa wengine. Bungie ya Chicago nayo ilipotoa Marathon Infinity mwaka 1996, iliweka ndani ya boksi vyombo vyake yenyewe: Forge ya kuchora ramani na Anvil ya kubadili picha, sauti na kanuni za fizikia za mchezo.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Escape Velocity, mchezo wa Matt Burch uliotolewa mwaka 1996 na Ambrosia Software ya Rochester, New York. Mchezaji huanza na chombo kidogo cha anga na fedha kidogo, hununua bidhaa zinapopatikana rahisi na kuziuza zinapoadimika, kisha huchagua mwenyewe kuwa mfanyabiashara, askari au haramia. Asiyelipia baada ya siku 30 za majaribio alikutana angani na Kapteni Hector, kasuku wa Ambrosia, akimfyatulia makombora.

Kilichoupa mchezo huo maisha marefu ni folda moja ya programu jalizi. Faili uliyoiweka humo iliongeza sayari, meli, silaha au kisa kizima, na ukiiondoa mchezo unarudi ulivyokuwa, kwa kuwa faili ya asili haikuguswa. Aliyetaka kuunda meli alifungua ResEdit na kujaza visanduku vya aina iliyoandikwa shïp: kasi, ngao, uzito wa mizigo, bei. Sayari ziliitwa spöb, kazi za kupewa mchezaji mïsn. Mamia ya saa za vijana ziliishia katika visanduku hivyo, na hazikupotea. Peter Cartwright alianza kutunga programu jalizi, ikakua hadi Ambrosia ikaitoa kama mchezo kamili mwaka 1998, Escape Velocity: Override. Kikundi cha ATMOS cha Tasmania, Australia, kikapita njia hiyohiyo, na kazi yao ikawa EV Nova ya mwaka 2002. Mchezo wa pili na wa tatu wa mfululizo huo, basi, ilitokana na kazi ya waliokuwa wachezaji.

Apple yachukua, Apple yabomoa

Mwaka 1994 ulipotoka mfumo wa System 7.5, watumiaji wengi walikuta vitu walivyovifahamu. Saa iliyoonekana kwenye upau wa menyu ilikuwa SuperClock, iliyoandikwa na Steve Christensen na kutolewa bure miaka kadhaa kabla. Uwezo wa kukunja dirisha libaki kichwa chake tu ulitoka kwenye WindowShade ya Rob Johnston. Vikaratasi vya rangi vya kuandikia mambo ya kukumbuka vilitungwa na Jens Alfke, mfanyakazi wa Apple, nje ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Majina haya yanastahili nafasi katika vitabu vya historia ya Macintosh, kwa sababu mamilioni ya watu waliutumia ubunifu wao kila siku bila kujua ulikotoka.

James Thomson wa Glasgow aliyaonja yote mawili: Apple kuchukua na Apple kubomoa. Mwaka 1995 alitoa DragThing, ubao wa kupangia programu na faili ili zifunguliwe kwa kubofya mara moja. Apple ikamwajiri nchini Ireland, na huko akafanyia kazi Dock, ule ubao wa chini ya skrini ambao Steve Jobs aliuonyesha Januari 2000. Alipotakiwa kuhamia California alikataa, akaacha kazi, akarudi kwenye programu zake. DragThing iliendelea kuwapo kando ya Dock hadi mwaka 2019.

Kilichoiua ndicho kilichoziua nyingi. Mac OS X ya mwaka 2001 ilijengwa juu ya msingi mpya, na nyongeza za zamani hazikuwa na mahali pa kushika. Mwaka 2006 Apple ilihamia vichakataji vya Intel, ambavyo havikuweza kuendesha mazingira ya Mac OS ya zamani. Mwaka 2011, toleo la Lion liliondoa daraja lililoruhusu programu za PowerPC. Mwaka 2019, Catalina ikazikataa programu zote za biti 32. Kila mara kampuni kubwa ziliandika upya bidhaa zao, ila mwandishi wa peke yake, ambaye pengine alikwisha kuajiriwa kwingine au kufariki, hakuwapo wa kufanya hivyo. Milango ya malipo nayo ilifungwa: Kagi ya California, iliyowakusanyia fedha waandishi wengi wadogo tangu miaka ya 1990, ilisimamisha shughuli tarehe 31 Julai 2016.

Uokoaji umefanywa na watu wa kujitolea. Mwezi Aprili 2017, Internet Archive iliweka programu za Macintosh ya zamani ziendeshwe ndani ya kivinjari, na mwaka 2022 Mihai Parparita akafungua Infinite Mac, ambako mtu huwasha mfumo mzima wa miaka ya 1990 kwa sekunde chache. Msimbo wa Glider PRO umetolewa na Calhoun mwenyewe kwa umma. Michael Zahniser, kwa mapenzi yake kwa Escape Velocity, alitoa Endless Sky mwaka 2015, mchezo wa bure wenye msimbo wazi unaochezwa kwenye Mac, Windows na Linux. ResEdit haihitajiki tena: meli mpya huandikwa kwa maneno ya kawaida katika faili ya maandishi, ikawekwa kwenye folda ya programu jalizi, na wachezaji wa leo wanaendelea kuziandika.